Maji ya Kinjeketile Mbele ya Kamera

Barua tatu kati ya zile zilizonifikia tangu toleo lililopita zimetoka Mwanza, na zote zinauliza jambo moja kwa njia tatu: namna ya kuitoa jukwaani tamthiliya ya vita na kuifanya filamu. Tamthiliya yenyewe ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969 na kusomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wetu, inayomhusu mganga wa Ngarambe ambaye maji yake ya dawa yaliwaunganisha watu wa kusini kupigana na Wajerumani katika Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Julai 1905 na kuendelea hadi 1907. Nimeziweka barua hizo pamoja na kuzijibu kwa urefu, kwa kuwa tamthiliya hii naipenda tangu nilipoigiza Bibi Kitunda nikiwa kidato cha tatu, nimejifunga kanga mbili za mama yangu.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Igoma, na jioni huongoza kikundi cha sanaa cha vijana. Tumeigiza Kinjeketile mara mbili katika ukumbi wa shule, na sasa tumepata kamera nzuri pamoja na mtu anayejua kuitumia. Tatizo ni kwamba tumegawanyika. Upande mmoja unataka kila neno la kitabu libaki. Upande wa pili unasema filamu ni vitendo, hivyo mazungumzo yapunguzwe hadi robo na tuonyeshe vita vyenyewe, bunduki na moto. Nani tumsikilize? Na tufanyeje kuhusu pale Kinjeketile anapovutwa na nguvu isiyoonekana mpaka mtoni, ambapo jukwaani tulitumia kitambaa cha buluu tu?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na mto, kwa sababu jibu la mto ndilo litakaloamua ugomvi wenu kwa sehemu kubwa.

Jukwaani kitambaa cha buluu hakimdanganyi mtu, na ndiyo maana kinafaa. Mtazamaji anajua kuwa ni kitambaa, anakubali kukiona kama mto, na kwa kukubali huko anakuwa amejiunga na wanakijiji ambao nao wanakaribia kukubali jambo kubwa zaidi. Kamera haina subira hiyo. Ikionyesha maji, ni maji. Ikimfuata Kinjeketile chini ya maji na kumwonyesha akizungumza na Hongo, mzimu wa mtoni, filamu itakuwa imetoa ushahidi kwamba Hongo yupo. Ikimwonyesha amejibanza nyuma ya matete akisubiri kupambazuke, itakuwa imetoa ushahidi kwamba mtu huyu ni laghai. Mwandishi hakuandika lolote kati ya hayo mawili. Aliandika mtu ambaye amepewa neno asilolielewa lote, akalitoa kwa watu, kisha akaanza kuogopa alichokitoa.

Kwa hiyo naomba kamera isiingie majini hata mara moja. Ibaki ukingoni pamoja na wale wanaopiga kelele, wanaolia na wanaoshikana mikono, na usiku uingie ikiwa bado hapo. Simulizi za wazee zinasema alipotoka siku ya pili nguo zake zilikuwa kavu. Hapo ndipo picha ya karibu inapostahili: mkono wa mwanamke mmoja unashika pindo la nguo yake, unalibinya kwa vidole viwili kama mtu anayechagua khanga dukani, kisha vidole hivyo vinasuguana na kuonekana havina hata unyevu. Msimpe mwanamke huyo neno la kusema. Mpigeni picha usoni wakati anageuka kuwatazama wenzake, na muache imani ipite kutoka uso wake hadi uso wa pili na wa tatu. Kazi hiyo jukwaa haliwezi kuifanya, kwa kuwa aliyekaa safu ya nyuma haoni vidole.

Sasa tuje kwenye maneno. Katika maonyesho ya mwanzo nawaunga mkono wanaotaka kupunguza. Wanawake wanapozungumza juu ya njaa wakati waume zao wako katika mashamba ya kulazimishwa, mwandishi alilazimika kuwapa maneno mengi kwa sababu shamba lenyewe halikuweza kuingia jukwaani. Ninyi shamba mnalo. Chungu kinachokorogwa kikiwa na maji mengi na unga kidogo kitasema yale yaliyohitaji nusu ukurasa. Vilevile pale watu wa makabila mbalimbali wanapotiliana shaka, chagueni mabishano mawili yenye makali, na hayo mengine yaonekane katika namna watu wanavyokaa, nani anakaa karibu na nani na nani hataki kuupokea mkono wa mwenzake.

Lakini onyesho la mwisho, la gerezani, msiliguse. Kinjeketile amepigwa, na anachotakiwa ni kutamka tu kwamba maji yalikuwa uongo. Hata Kitunda, aliyemwamini na kupigana, anamsihi alitamke ili apone. Anakataa. Akilitamka, watoto watakaozaliwa wataambiwa kwamba babu zao walipigania uongo, na neno la umoja lililokwisha kuzaliwa litakufa pamoja na maji. Hapo vitendo vyote vimekwisha na neno ndilo linalopigana. Wekeni kamera mahali pamoja, karibu, waigizaji wawili wapewe muda wote wanaouhitaji, na mhariri wa picha aweke mkasi wake mbali. Onyesho hili likichukua dakika 10 za watu wawili wakizungumza katika chumba chenye giza, mtazamaji atakaa nazo, mradi dakika zilizotangulia zimemfanya amjue kila mmoja wao.

Na vita? Wenzenu waliotangulia katika kazi hii walikutana na shida hiyohiyo. Shakespeare, katika Henry V, alimweka msimulizi anayewaomba radhi watazamaji kwamba jukwaa dogo la mbao haliwezi kubeba uwanja wa Agincourt, palipopiganwa tarehe 25 Oktoba 1415, na anawasihi waone farasi kila farasi wanapotajwa. Laurence Olivier alipoitengenezea filamu mwaka 1944, nchi yake ikiwa vitani, aliianza ndani ya mfano wa Globe, ukumbi wa Shakespeare huko London, kisha akatoka kidogo kidogo hadi uwanja wa wazi wenye farasi wa kweli, uwanja ambao ilibidi autafute Ireland. Aliondoa njama ya wasaliti wa mfalme, na akaondoa vitisho vya kutisha ambavyo mfalme anavitoa mbele ya mji wa Harfleur, kwa sababu taifa lilihitaji mfalme safi. Kenneth Branagh alipoirudia mwaka 1989 aliwarudisha wasaliti, akamwonyesha mfalme akitazama rafiki yake wa zamani akinyongwa kwa amri yake mwenyewe, na baada ya pigano akamfanya abebe maiti ya mvulana begani, akipita katika matope na miili kwa picha moja ndefu isiyokatwa. Tamthiliya ni ileile, lakini mikasi ilikata mahali tofauti, na kila mkasi ulionyesha mshikaji wake alikuwa anataka nini. Nanyi kabla ya kukata jiulizeni mnamficha nani. Nimesoma miswada ya vijana ambamo askari Waafrika wa Mjerumani wameondolewa kabisa, wamebaki Wazungu watatu wenye kofia. Huko ni kuficha.

Kuhusu ukubwa wa pigano, fedha zenu hazitatosha, na nadhani ni heri. Tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya wapiganaji waliikabili boma ya Mahenge wakiamini risasi zitageuka maji, na bunduki za rashasha zikawafyeka. Kundi la vijana 40 likikimbia mbele ya kamera haliwezi kuonyesha hayo, litaonekana kama mchezo wa Sabasaba. Akira Kurosawa, katika Ran ya mwaka 1985 iliyotokana na King Lear, alionyesha ngome ikivamiwa huku sauti zote za vita zimezimwa na muziki pekee unasikika, hadi mlio mmoja wa bunduki unaporudisha kelele za dunia. Nanyi fikirini hivyo: bakini na kijana mmoja, maji yakimtiririka usoni kutoka kwenye kipaji, akikimbia na kuliita neno hilo, maji, maji, maji, sauti za wenzake zikipungua moja baada ya nyingine bila sisi kuwaona wakianguka, mpaka anajisikia yeye peke yake. Kwa onyesho hilo mnahitaji mwigizaji mmoja, ndoo ya maji na fundi sauti makini.

Tena msiishie kwenye risasi. Wengi wa waliokufa katika vita hivyo waliuawa na njaa, baada ya jeshi la Mjerumani kuchoma vijiji, mashamba na maghala. Hesabu ya serikali ya wakati ule ilikuwa watu 75,000 hivi, na mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa huko, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Picha ya ghala linaloungua huku mama mmoja akichota mtama uliomwagika pamoja na mchanga ina uzito kuliko mizinga yote ya kuazima.

SWALI: Ndugu mhariri, salaam. Mimi nimesoma historia chuoni na nimo katika kikundi kinachotaka kutengeneza filamu ya Kinjeketile. Mwalimu wetu hataki kusikia, lakini tarehe zinamkataa. Kinjeketile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, yaani vita vikiwa vichanga na kabla ya Mahenge. Katika tamthiliya yuko hai baada ya pigano kubwa na kushindwa. Je, filamu isirekebishe kosa hilo?

JIBU: Wa-alaikum salaam. Tarehe yako ni sahihi, lakini si kosa. Ebrahim Hussein mwenyewe aliweka wazi kwamba Kinjeketile wa tamthiliya ni mtu wa kubuniwa, si picha ya yule wa historia. Alimhitaji awe hai ili aone matunda ya neno lake na kuulizwa habari zake. Ukimnyonga mapema kama ilivyotokea, unapoteza swali lenyewe, na utakachobaki nacho ni filamu ya kumbukumbu, ambayo ni kazi njema na ningependa kuiona, ila haitakuwa Kinjeketile.

Ninachokuomba, kwa kuwa elimu yako ni hazina kwa kikundi hicho, ni kuwazuia wenzako wasiandike tarehe kwenye skrini katikati ya filamu. Maandishi ya tarehe humfanya mtazamaji adai hesabu, na hapo ndipo atakapowaona waongo. Mwishoni, skrini ikiwa nyeusi, andikeni sentensi mbili fupi: mtu wa kweli alinyongwa wapi na lini, na vita viliendelea kwa muda gani baada yake. Hapo historia na tamthiliya zitakaa pamoja, kila moja na heshima yake.

Elimu hiyohiyo itumie katika mambo madogo, kwani hayo ndiyo yenye kuaibisha: vazi la askari, aina ya jembe, majina ya vyeo, vitambaa ambavyo havikuwapo. Na kwa kuwa umenigusa mahali pa moyo, niongeze hili. Walikuwapo Wasukuma na Wanyamwezi miongoni mwa askari wa Mjerumani, pamoja na Wasudani na Wamanyema. Kwa hiyo askari mwenye lafudhi ya Kisukuma anayempiga Kinjeketile si doa katika filamu yenu. Ni kweli chungu, na watu wa Mwanza wana haki ya kuisikia kwa sauti inayofanana na ya wajomba zao.

SWALI: Shikamoo mama. Ninaishi Kirumba na ndiye mpiga picha wa kikundi. Wenzangu wanazungumza falsafa, mimi nataka kujua mambo mawili. Kwanza, kitabu kimesomwa na nchi nzima, je, bado tunahitaji ruhusa? Pili, hadithi ni ya Rufiji na Umatumbi, nasi hatuna nauli ya kufika huko. Inawezekana kuipiga picha hapa ziwani bila watu wa kusini kutucheka?

JIBU: Marahaba, mwanangu. La kwanza nalijibu upesi: mnahitaji ruhusa. Kitabu kusomwa shuleni hakukifanyi kuwa mali ya kila mtu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, kuigeuza kazi ya mwandishi kuwa filamu ni haki ya mwandishi, na ruhusa hiyo huombwa kwa maandishi, kupitia mchapishaji, kabla ya kupiga hata picha moja. Zaidi ya hapo kuna kibali cha Bodi ya Filamu cha kupiga picha. Yapo makundi yaliyomaliza filamu nzima, kisha yakashindwa kuionyesha popote kwa kukosa karatasi moja. Msiwe miongoni mwao.

La pili linanipendeza zaidi. Inawezekana, ila ziwa lina mashahidi watatu watakaowasema.

Shahidi wa kwanza ni mawe. Majabali yetu yaliyopandana, kuanzia Jiwe la Bismarck hadi vilima vya Ilemela, hayapatikani Umatumbi, na hata mtoto wa Kilwa atayatambua kuwa ni ya Mwanza. Geuzeni kamera upande wa nyanda, mkaangalie uwanda wa Magu.

Shahidi wa pili ni gugumaji. Mmea huo ulitoka Amerika Kusini na kuingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo hauwezi kuelea mbele ya mtu wa mwaka 1905. Nimewahi kukaa na kikundi kimoja cha vijana ufukweni tangu saa kumi na moja alfajiri, tukipiga picha ya mtumbwi katika ukungu, mwanga ukiwa kama tulivyouomba. Tulipoitazama picha mchana, kisiwa kizima cha gugumaji chenye maua ya zambarau kilikuwa kimepita polepole nyuma ya mwigizaji na hakuna aliyekiona, kwa maana macho yetu yamekizoea. Siku nzima ilipotea. Tangu hapo humweka mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama nyuma ya mwigizaji tu, na ninakushauri ufanye vivyo hivyo, kwani mashine za mitumbwi, chupa za plastiki na minara ya simu hupita kwa njia hiyohiyo.

Shahidi wa tatu ni maji yenyewe. Ziwa linapiga mawimbi ufukweni, mto una mkondo, na sikio la mtazamaji hulijua hilo kabla ya jicho. Ndiyo maana ningekwenda Mto Simiyu, kabla haujaingia ziwani katika Ghuba ya Speke, nikatafute dimbwi tulivu lenye miti kando yake. Wakati wa kiangazi mto hupungua na kuacha madimbwi ya namna hiyo. Waulizeni wenyeji habari za mamba na viboko kabla mtu hajatumbukiza mguu, na mwigizaji wenu akishamaliza kazi ya majini akapimwe kichocho, asingoje mpaka aone damu kwenye mkojo. Wala msihangaike na lafudhi za waigizaji. Watu wa Ngarambe hawakuwa wakizungumza Kiswahili sanifu cha kitabu. Mwandishi aliwapa Kiswahili ili nchi nzima iwasikie, na mdomo wa Mwanza una nafasi humo kama mdomo wa Lindi. Ninachowakatalia ni kumpa Mmatumbi ngoma ya Kisukuma ya bugobogobo kwa sababu tu wachezaji wake wako karibu na wanapendeza.

Baada ya kuwatia hofu hiyo, niseme mlichonacho ninyi ambacho hata aliye Dar es Salaam hana. Mna pamba. Vita vya Maji Maji vilichochewa na mashamba ya pamba ya kulazimishwa, ambayo watu waliyalima kwa viboko na ujira usiofaa kitu, na mwanzo wa vita, Julai 1905, ulikuwa tendo dogo kabisa: watu wachache wa Nandete waliingia katika shamba na kung'oa miche kadhaa ya pamba, na kila aliyeona alijua maana yake. Fikiria filamu inayofunguka na tendo hilo, ikiwa mwandishi ataridhia nyongeza hiyo. Mkono unashika shina karibu na ardhi. Udongo mkavu haukubali. Mtu anainama tena, anashika kwa mikono miwili, mzizi mrefu unatoka kwa mkwaruzo pamoja na bonge la udongo, na vitumba vilivyopasuka vinatikisika na kuangusha pamba nyeupe kwenye miguu yake mitupu. Hakuna anayesema kitu. Mtu wa pili anainama.

Na tendo hilo halitamtia mkulima hasara. Wakulima wa pamba wa kanda yenu, wakishavuna, hutakiwa kung'oa masalia na kuyachoma ili wadudu wasivuke kwenda msimu mwingine. Nendeni Magu au Kwimba mavuno yakikaribia kwisha, mzungumze na mwenye shamba mapema, mumwombe awaachie mistari michache ambayo haijachumwa yote, mumlipe pamba hiyo kwa bei ya msimu, kisha mumsaidie kung'oa shamba lililobaki. Mtafanya kazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, kabla jua halijawa kali na kuua vivuli vya nyuso. Mwigizaji wenu asivae glavu wakati wa mazoezi, maganda makavu ya pamba yamchome vidole siku mbili tatu, maana mkono wa mtu aliyelazimishwa kuchuma hushika shina kwa namna nyingine, na kamera ikiwa karibu itauona.